Tovuti ni kaunta, si pambo: Walimu wa Gungu wapige hesabu kwanza

MNUNUZI wa dagaa anapofika mwalo wa Kibirizi au Katonga hahitaji maelezo marefu. Huchukua dagaa kiganjani, huwanusa, huwatafuna wawili watatu, na papo hapo hujua kama walianikwa kwenye chanja au mchangani. Bei hufuata hapo. Ndiyo maana dagaa wa Kigoma wamesafirishwa zaidi ya kilometa 1,200 hadi Dar es Salaam kwa miongo mingi na jina lao halijashuka.

Somo la Hisabati haliwezi kutafunwa. Mwalimu wa twisheni katika kata ya Gungu, Manispaa ya Kigoma-Ujiji, akirekodi masomo ya video au akiandaa kitabu cha mazoezi na kukiuza mtandaoni, mnunuzi wake aliyeko Kasulu, Tabora au Mbagala hana cha kushika wala cha kunusa. Anachokiona ni ukurasa tu kwenye kioo cha simu. Ukurasa huo ndio sampuli, ndio duka na ndio muuzaji.

Kwa sababu hiyo usanifu wa tovuti si suala la urembo, wala si la mafundi wa kompyuta peke yao. Ni suala la biashara, na linastahili kupigiwa hesabu kama linavyopigiwa pango la fremu au nauli ya mzigo.

Soko lipo, imani haipo

Kwamba wanunuzi wapo halina ubishi. Mtihani wa Taifa wa Kidato cha Nne hufanyika Novemba kila mwaka, na miezi inayoutangulia wazazi hutafuta msaada kokote unakopatikana. Wako watahiniwa wa mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA) ambao hawapati mkufunzi karibu. Wako wafanyabiashara wa ziwani wanaohitaji Kifaransa cha kupatania bei na wateja wa Bujumbura, Uvira na Kalemie. Makocha wa soka na wa mazoezi ya viungo nao wana programu ambazo mtu anaweza kuzinunua na kuzifuata nyumbani.

Shule zilipofungwa nchini Machi 17, 2020 kutokana na ugonjwa wa Uviko-19, hadi wanafunzi wote waliporudi Juni 29 mwaka huo, familia nyingi zilionja kwa mara ya kwanza masomo ya kupokelewa kwa simu, redio na televisheni. Tangu hapo wazo la kumlipa mwalimu asiyeonekana si geni tena.

Lakini nchi hii pia ndiyo iliyozoea ujumbe wa matapeli usemao "ile hela tuma kwa namba hii". Kila mwenye simu ameupokea. Mzazi anapokuta tangazo la masomo lenye namba ya simu tupu na neno "lipia kisha nitumie", anakumbuka ujumbe huo kabla hajaikumbuka Hisabati. Mwalimu mwaminifu anaadhibiwa kwa makosa ya tapeli kwa sababu tu mlango wake unafanana na wa tapeli.

Hapo ndipo tovuti iliyosanifiwa vizuri inapoleta fedha. Mwaka 2002, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani waliwauliza watu zaidi ya 2,600 kwa nini wanaiamini au hawaiamini tovuti fulani. Karibu nusu ya maoni yaliyotolewa yaligusa mwonekano wake: mpangilio, herufi, rangi. Watu hawakuanza kwa kukagua vyeti vya mwenye tovuti. Walitazama kwanza, kama mnunuzi wa dagaa anavyotazama.

Hesabu ya mwalimu

Wapo wanaosema kundi la WhatsApp linatosha. Kwa mwalimu anayewauzia wanafunzi wake wa jana na jirani zao, kweli linatosha, tena halina gharama. Kasoro yake ni kwamba linawauzia wanaomfahamu tayari. Halafu faili likishatumwa kwa mmoja, kesho yake limefika kwa arobaini bila senti kurudi kwa aliyeliandaa. Anayetaka kumuuzia mgeni hana budi kuwa na mahali pake mwenyewe.

Tuchukue mfano wa kukadiria tu. Mwalimu ametumia sh. 600,000/= kutengeneza tovuti. Anauza seti ya mazoezi kwa sh. 5,000/=, na baada ya makato ya malipo na gharama ndogondogo anabaki na sh. 4,000/=. Kila mgeni anayefika kwenye ukurasa amemgharimu sh. 50/= za matangazo.

Kama katika kila wageni 100 wanunuzi ni wawili, wageni hao wamemgharimu sh. 5,000/= na wamemwachia sh. 8,000/=. Anabaki na sh. 3,000/=. Kurudisha mtaji wake anahitaji wageni 20,000. Kama ukurasa ukipangwa vizuri na wanunuzi wakawa watano katika 100, anaachiwa sh. 20,000/=, anatoa sh. 5,000/= za matangazo na kubaki na sh. 15,000/=. Sasa anahitaji wageni 4,000 tu.

Somo ni lile lile, bei ni ile ile, matangazo ni yale yale. Kilichobadilika ni watu watatu katika mia walioelewa kinachouzwa na wakaweza kulipa. Mwalimu wa kwanza anaweza kufilisika kabla ya Novemba. Wa pili ana msimu. Mwenye kuutazama mfano huu ataona kwamba kuongeza matangazo juu ya ukurasa mbovu ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Ukurasa mwepesi ndio wa thamani

Kosa linaloonekana mara nyingi ni mwalimu kununua kile kinachomfurahisha fundi: picha kubwa zinazotembea, muziki unaojipiga, video inayoanza bila kuombwa. Vitu hivyo hula bando la mteja kabla hajajua bei. Kampuni ya Google ilieleza mwaka 2016 kwamba zaidi ya nusu ya wanaofungua ukurasa kwa simu huondoka ukichukua zaidi ya sekunde tatu. Kwa mteja wa Uvinza au Buhigwe, mwenye simu ya bei nafuu na kifurushi cha siku moja, kuondoka huko ni kuokoa fedha yake.

Hapa nchini mfano mzuri uko wazi. Kurasa za matokeo za Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) ni majedwali na maandishi, basi. Hazina pambo, lakini hufunguka katika simu ya aina yoyote yenye intaneti, na siku ya matokeo nchi nzima huzisoma. Ni kweli kwamba NECTA haishindani na mtu na haina haja ya kumshawishi mteja. Mwalimu lazima amshawishi. Lakini ushawishi wake uanzie kwenye ukurasa unaofunguka.

Waliotangulia katika biashara ya elimu kwa simu walilijua hilo mapema. Shule Direct, iliyoanzishwa na Faraja Nyalandu mwaka 2013, iliweka masomo ya sekondari mtandaoni, na kwa wasio na intaneti ikaleta huduma ya ujumbe mfupi ya Makini SMS. Nchini Kenya, Eneza Education ilifikisha mazoezi kwa wanafunzi kwa ujumbe mfupi kupitia huduma ya Shupavu 291. Vipindi vya Ubongo Kids vilivyoanza kurushwa TBC1 Januari 2014 viliwaruhusu watoto kujibu maswali kwa simu za kawaida. Wote walianza kwa kuuliza mteja ameshika simu gani, ndipo wakaamua bidhaa ikae vipi.

Kaunta iwe na nini

Tovuti ya mwalimu haihitaji kurasa nyingi. Mistari ya kwanza iseme kinachouzwa, ni cha nani na ni bei gani. "Mazoezi 200 ya Hisabati, Kidato cha Nne, yenye majibu yaliyofafanuliwa, sh. 5,000/=" ni maneno yanayouza kuliko "Karibu katika ulimwengu wa maarifa". Bei isifichwe. Mteja anayeambiwa apige simu kuulizia bei hudhani atapangiwa kwa kutazamwa sura.

Kisha iwepo sampuli ya bure: somo moja zima, si nusu dakika ya kusalimia. Huyo ndiye dagaa anayetafunwa. Mwalimu anayeogopa kutoa somo moja kati ya 20 hana imani na 19 yaliyobaki.

Malipo ndiyo mahali wateja wengi hupotelea. Tovuti nyingi zinazotengenezwa kwa kunakili za ng'ambo hudai kadi ya benki, wakati mzazi wa Ujiji analipa kwa M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa au Mixx by Yas, iliyojulikana kama Tigo Pesa hadi mwaka 2024. Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara ina faida ya ziada: jina hilo humtokea mlipaji kabla hajaweka namba ya siri. Jina hilo likifanana na lile lililoandikwa juu ya ukurasa, nusu ya hofu imeondoka. Na bidhaa impate mteja pale pale baada ya kulipa. Anayelipa saa nne usiku akaambiwa asubiri mwalimu aamke, usiku huo huo ataanza kuwasimulia wenzake.

Mwisho, ukurasa useme mwalimu ni nani, anafundisha wapi, na fedha inarudishwa vipi mteja asiporidhika. Kwa mwenye nia njema, mistari hiyo mitatu haina gharama.

Usanifu hauokoi bidhaa mbovu

Wawekezaji wadogo wasidanganyike kwamba ukurasa safi unaweza kuuza chochote. Taasisi ya Elimu Tanzania (TIE) ina maktaba mtandao ambako vitabu vya kiada husomwa bila malipo. Mwalimu anayenakili vitabu hivyo na kuviuza kama "notisi maalumu" anauza kinachopatikana bure, na anajiingiza katika mgogoro wa hakimiliki. Kinachouzika ni kile asichonacho mwingine: maelezo yake, mifano yake, masahihisho ya kazi za mwanafunzi mmoja mmoja.

Sheria nazo zina gharama yake. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilipotoka, mwenye blogu alitakiwa kulipa zaidi ya sh. milioni 2 kwa kuanzia, ukijumlisha ada ya maombi, ya leseni na ya mwaka. Kanuni nyingine zilitungwa mwaka 2020 na kurekebishwa mwaka 2022. Ni busara mwalimu aulize Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iwapo kazi yake inahitaji leseni, kabla hajamlipa fundi. Vilevile, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Majina na namba za wazazi na wanafunzi si mali ya kugawia wenye matangazo.

Kuna pia mambo yasiyotatuliwa na fundi yeyote. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora nchini kote. Mwalimu aliyewawezesha wateja wake kupakua masomo mapema hakuwa na cha kuwaeleza. Aliyetegemea video za kutazamwa moja kwa moja alikaa kusikiliza malalamiko.

Kwa mwenye fedha

Nani basi anufaike na ushauri huu? Kwanza ni mwalimu, ambaye mara nyingi hutumia akiba ya mwaka mzima au mkopo wa kikundi kumlipa mtengenezaji wa tovuti. Alipe kwa mafungu, na fungu la mwisho litoke pale mtu wa kwanza asiyemjua atakaponunua bila kupiga simu. Ahakikishe pia kwamba anuani ya tovuti, kwa mfano ile inayoishia na .co.tz, imesajiliwa kwa jina lake. Ikiwa kwa jina la fundi, siku watakayogombana fundi ndiye mwenye duka.

Pili ni mfanyabiashara wa Mwanga, Gungu au Ujiji anayeombwa kuingiza fedha katika mradi wa namna hii. Mali ya mradi huo si rangi za ukurasa. Ni masomo yenyewe, orodha ya wanunuzi walioridhika, na uwezo wa kumgeuza mgeni kuwa mnunuzi. Aulize katika kila wageni mia wanunuzi ni wangapi, na wangapi walirudi kununua tena. Mwenye mradi asiyejua jibu bado hajaanza biashara. Ana tovuti tu.

Kipimo cha mwisho hakihitaji mtaalamu. Achukue simu ya bei rahisi kuliko zote nyumbani, aweke kifurushi cha siku, asubiri jioni mtandao unapolemewa, kisha ajaribu kununua somo hilo mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Akishindwa yeye anayetaka kuweka fedha zake humo, mzazi wa Uvinza hatafanikiwa.