Kadi ya zaka si kibali cha kuzikwa

Wasee wa Mata, tuongee. Mtu akifa, mwili haujatoka hata mochari, kuna mtu wa jumuiya ashaanza: "Zaka alikuwa anatoa? Jumuiya alikuwa anakuja?" Familia inalia, yeye anapekua daftari. Deni likilipwa, ghafla padre anapatikana. Sasa hiyo sheria imeandikwa wapi?

Mimi nimeitafuta. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 1184, inataja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa: walioasi imani au kujitenga na Kanisa waziwazi, waliochagua kuchomwa kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangekwaza waumini. Hata hao, wakionyesha dalili ya kutubu kabla ya kufa, wanazikwa. Kukiwa na shaka anaulizwa askofu, si mweka hazina wa jumuiya. Zaka haipo hapo. Halafu kanuni ya 1181 inawamaliza kabisa: kusiwe na upendeleo, na maskini wasikose mazishi yanayostahili.

Najua mtasema Kanisa linahitaji pesa, na sisi vijana tunamkumbuka padre siku ya msiba tu. Hiyo ya pili ni kweli, tunajijua. Lakini si mumfuate mtu akiwa hai? Mvua ikikataa huku Taveta, mama wa ndizi atoe zaka na nini? Mnangoja awe kwenye jeneza ndio mumdai?

Mwenye daftari akija matangani kwenu, mwambie akuonyeshe kanuni. Namba unazo.