Roboti ya tiba ni ya mwalimu, si ya fundi

Wadau, leo naomba tugombane kidogo. Jamaa zetu wa kompyuta hapa chuoni wana wimbo wao: mwalimu akitaka kutumia roboti darasani, ajifunze kwanza kuandika programu. Hivi jamani, dereva wa daladala aliambiwa ajue kwanza kuunda giaboksi?

Chukueni NAO, roboti iliyoundwa na kampuni ya Aldebaran ya Ufaransa. Kimo chake ni sentimita 58 hivi, na imetumika sana kwenye majaribio ya kuwasaidia watoto wenye usonji. Ilikuja na programu inaitwa Choregraphe: unavuta visanduku, unaviunganisha kwa mistari, roboti inapunga mkono au inaongea. Safi? Nusu tu. Visanduku unavipanga kabla ya kipindi, na mtoto yule hafuati mpango wako. Sauti ikimkera anaziba masikio sasa hivi, na mwalimu anatakiwa aishushe sasa hivi, siyo akainamie laptop kuhamisha visanduku.

Halafu angalieni Kaspar wa Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, kazi iliyoanza mwaka 2005. Uso wake umerahisishwa makusudi ili usimchanganye mtoto. Mtu mzima anaweza kuiongoza kwa rimoti ya vitufe, na mtoto mwenyewe anaweza kupewa hiyo rimoti. Anabonyeza, anaona uso wa furaha. Anabonyeza tena, anaona uso wa huzuni. Hilo ndilo somo lenyewe, na halikuhitaji mhandisi kukaa pembeni.

Najua mtabisha: eti ukirahisisha sana, roboti inapungua uwezo. Sawa, lakini uwezo ambao mwalimu hawezi kuufikia ni wa nani? Seymour Papert na wenzake walitengeneza Logo mwaka 1967 ili watoto waweze kuiamuru kompyuta. Leo mnashindwa kumrahisishia mtu mzima aliyesomea ualimu?

Anayejua neno gani linamtuliza mtoto, na kelele gani inamtoa darasani mbio, ni mwalimu wake. Akinyimwa usukani, mtoto anabaki na sanamu ya bei mbaya.

Kwa hiyo mafundi, kabla hamjaongeza mota nyingine shingoni, kaeni siku nzima na mwalimu wa elimu maalumu. Mpeni vitufe sita, kimoja cha kusimamisha kila kitu. Akishindwa kuvitumia, aliyefeli ni nyie.

Naomba kutoa hoja.