Salio likipungua gatini: mkopo wa simu kwa nauli na chakula cha safari za ziwani

Mtu anayefika gati ya Kamanga jioni akiwa na mtoto mwenye homa, anataka kuvuka kwenda Mwanza mjini ili afike Bugando, hana nafasi ya kukaa na kutafakari fiqhi ya miamala. Anatoa simu alipe, simu inamjibu kwamba salio halitoshi, kisha inampa njia: kamilisha kwa mkopo, bonyeza moja. Anabonyeza. Kesho yake mwanawe aliyeko Dar es Salaam anamtumia pesa, na kabla hajaziona vizuri, zimeshakatwa deni na juu ya deni kiasi kingine. Hapo ndipo anapomuuliza imamu wa msikiti wake: kile kilichokatwa juu ni kitu gani?

Swali hili linawahusu zaidi watu wa visiwani kuliko wa nchi kavu. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita tatu, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, na waliokuwa wakisubiri kivuko pale sasa wanapita na magari yao. Lakini ndugu zetu wa Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome hawana daraja la kuwafikisha nyumbani. Kwao safari ni chombo, na chombo kina nauli, kina mizigo, kina chai na wali wa njiani. Ndugu wa Unguja na Pemba wanajua habari hii bila kuelezwa. Anayepanda MV Victoria kwenda Bukoba analala majini usiku mzima, na katika usiku mzima mtu hula, hunywa, na mtoto huomba soda mara tatu.

Zamani mambo yalikuwa mepesi: noti mfukoni, zikiisha umeishiwa, unamwomba jirani. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 na mitandao mingine ikafuata, pesa imehamia kwenye simu, na hilo peke yake halina ubaya wowote kisheria. Pesa iliyo kwenye simu yako ni yako. Ukimlipa mama lishe kwa lipa namba umemlipa. Makato ya kutuma na ya kutoa kwa wakala ni ujira wa kazi: kuna mtu amekaa kibandani na pesa taslimu, kuna mtambo, kuna mtandao. Tozo ya serikali iliyoanza Julai 2021 iliwakera wengi, lakini kodi inayolalamikiwa haigeuki kuwa riba kwa sababu inalalamikiwa. Wapo watu wanaoharamisha kila kinachokatwa kwenye simu, na wanawachanganya wenzao bila faida.

Tatizo liko kwenye ule mkopo wa dharura. Vodacom wanao unaoitwa Songesha. Wakenya wanao wao, Fuliza, ulioanza Januari 2019. Kazi yake ni moja: salio lisipotosha, mtandao na benki iliyo nyuma yake wanakukopesha kilichopungua, muamala unakamilika, na pesa ya kwanza kuingia inalipa deni. Kwenye Fuliza, ada ina sehemu mbili, moja ya kufungua mkopo inayohesabiwa kwa asilimia, nyingine inayoongezeka kila siku deni linapobaki. Mwaka 2022 ada hizo zilipunguzwa, na mikopo midogo ikapewa siku chache bila ada ya siku. Kupunguzwa ni nafuu kwa mlipaji, lakini hukumu haifuati ukubwa wa kiwango.

Hoja inayorudiwa sana ni kwamba hii ni ada ya huduma, si riba, kwa kuwa kampuni yenyewe inaiita ada. Wanavyuoni wana kanuni mashuhuri kwamba mikataba hupimwa kwa makusudio na maana, si kwa matamshi. Basi tuipime. Tuseme umekopa shilingi 5,000 Jumatatu. Kazi ya kuhamisha pesa hizo kwenda kwa mwenye chombo ilifanyika Jumatatu kwa sekunde chache, ikaisha. Kama Ijumaa unadaiwa zaidi ya ulichodaiwa Jumanne, jiulize mtandao umefanya kazi gani mpya Jumatano na Alhamisi. Haukufanya kitu. Kilichoongezeka ni siku tu, na nyongeza juu ya deni kwa sababu ya siku ndiyo hasa riba waliyokatazwa watu katika Suratul Baqara, aya ya 275 hadi 279. Aya ya 280 inayofuata inaamrisha kinyume chake: mdaiwa akiwa katika dhiki apewe muda, na kumsamehe ni bora zaidi.

Ada ya kufungua inayotozwa mara moja inahitaji uangalifu zaidi, na hapa tusiseme kwa haraka. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 12 kilichofanyika Riyadh Septemba 2000, lilitoa azimio namba 108 kuhusu kadi za mkopo. Lilikataza kadi yenye sharti la riba, hata kama mtumiaji amenuia kulipa kabla riba haijaanza kuhesabiwa. Likaruhusu mtoaji kadi isiyo na sharti hilo kutoza kiasi maalumu, kisichopanda na kushuka kwa ukubwa wa mkopo, kama malipo ya huduma aliyoitoa kweli. Kwa mizani hiyo, anayetaka kujua hali ya mkopo wa simu yake apige huduma kwa wateja aulize mambo mawili: ada inaongezeka nikichelewa? Ada inaongezeka nikikopa zaidi? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo linatosha kumfanya ajizuie. (Mkopo wa muda wa maongezi ni mlango mwingine. Wapo wanavyuoni wanaouhesabu kuwa ni kuuziwa huduma kwa bei ya baadaye, si pesa kwa pesa, na khilafu yao inajulikana. Tusiuchanganye na huu.)

Je, yule mzazi wa Kamanga? Wengi wanakimbilia neno dharura. Dharura ipo, na dini haimwachi mtoto afe kwa ajili ya nauli. Ila dharura ina masharti: iwe ya kweli, pasiwe na njia nyingine ya halali, na mtu achukue kiasi cha haja yake tu. Mtoto mwenye degedege saa mbili usiku, hakuna jirani, hakuna anayepokea simu: huyo ana udhuru, avuke, na akifika alipe haraka asiliache deni likue. Soda na chipsi ndani ya meli hazina udhuru huo. Wala hana udhuru mwenye 20,000 mfukoni ambaye hataki kuzivunja. Na ukweli ni kwamba mikopo mingi ya aina hii haitokani na mgonjwa, inatokana na uvivu wa kuangalia salio kabla ya kutoka nyumbani. Menyu imewekwa hapo hapo, tarakimu moja tu, na aliyeiweka anajua kuwa mtu aliye kwenye foleni hasomi masharti.

Njia ya halali mara nyingi imesimama karibu yetu. Kwenye gati kuna makumi ya watu, wengi wanafahamiana. Kumwambia mwenzio "nisitiri elfu tatu, nikifika nakurudishia" kunaonekana aibu siku hizi, na watu wanaona heri kudaiwa na simu kwa siri kuliko kudaiwa na jirani kwa uwazi. Hapo ndipo mikopo hii inapopata nguvu. Qardhi hasan ni sadaka yenye kurudi, na aliyekuwa nayo akamnyima ndugu yake mwenye mgonjwa ajihesabu.

Wengine watasema: tunavyo vikoba. Kweli, na akina mama wa visiwani wamejenga nyumba na kusomesha kwa vikoba. Lakini tusijidanganye. Kikoba kinachokopesha mwanachama 100,000 arudishe 110,000 kinafanya kile kile tunachoilaumu simu, tena wanaogawana ziada hiyo mwisho wa mwaka ni sisi wenyewe. Mtume (S.A.W.) amewajumuisha katika laana moja mlaji wa riba, mlishaji, mwandishi na mashahidi wake. Katibu wa kikoba asidhani yeye anaandika daftari tu. Kikundi kinaweza kubadilishwa bila kuvunjwa: michango ibaki, mkopo urudi kama ulivyotoka, gharama halisi za daftari na vocha zichangiwe na wote kwa usawa, na anayetaka faida waingie naye biashara ya mudharaba au musharaka, dagaa au nyavu, wagawane faida inayopatikana, na hasara ikija ibebwe kwa kanuni za mkataba huo. Msikiti ulio karibu na gati unaweza kuwa na mfuko mdogo wa wasafiri. Hauhitaji mamilioni. Nauli za watu kumi zinazozunguka zinatosha kuanza.

Kwa mwenye uwezo wa kujipanga mapema, kadi ya kujaza kabla ni salama, kama ile N-Card inayotumika kivuko cha Magogoni na Kigamboni: unatumia ulichoweka, kikiisha umeishiwa. Kadi ya benki inayokata kwenye akaunti yako mwenyewe ni hivyo hivyo, na anayetaka akaunti isiyo na riba ana Amana Bank tangu mwaka 2011, pamoja na madirisha ya Kiislamu ya benki nyingine.

Tunagusa kidogo ndugu walio Oman na Uingereza wanaojiandikia safari za meli kubwa za kitalii, zile ambazo nyingine hutia nanga Zanzibar. Humo ndani pesa taslimu haipokelewi dukani. Abiria hufunguliwa hesabu, kila anachochukua kinaandikwa, na hesabu hiyo huunganishwa na kadi au na pesa taslimu iliyowekwa mwanzoni kama amana. Chagua amana au kadi inayokata akaunti yako. Ukitumia kadi hiyo, meli huweza kushikilia kiasi fulani kwa siku kadhaa; usishtuke, kimeshikiliwa, hakijachukuliwa, lakini usiondoke nyumbani na akaunti inayotosha kwa ukaribu mno. Mashine ikikuuliza ulipe kwa sarafu ya nyumbani kwako, kataa, kwani kiwango chao cha kubadilisha kwa kawaida ni ghali. Na usinunue kifurushi cha vinywaji chenye pombe kwa hoja kwamba wewe utakunywa juisi tu, umelipia vyote.

Turudi ziwani, kwa jambo ambalo huulizwa mara chache. Katikati ya maji mtandao hukatika. Umekula samaki na ugali, umelipa kwa simu, ujumbe haukurudi, chombo kikafika, ukashuka. Usiku unaangalia salio, pesa ipo yote. Hiyo si riziki iliyokushukia. Deni la mama lishe liko shingoni mwako, na kumtafuta ni wajibu, hata kwa kumpigia mtu wa gatini. Vivyo hivyo muuzaji aliyelipwa mara mbili kwa sababu mteja alibonyeza tena: nyongeza ile ni amana mkononi mwake, asiitumie kwa kusubiri mwenyewe aje kuidai. Muuzaji na mteja wapeane namba kabla sahani haijatoka, jambo la sekunde kumi.

Na madeni haya yaandikwe. Tarehe 21 Mei 1996 ilizama MV Bukoba, na tarehe 20 Septemba 2018 ilizama MV Nyerere karibu na Ukara ikaondoka na watu zaidi ya 200. Anayeishi kwa vyombo vya majini hana haja ya kukumbushwa kwamba mtu anaweza kutoka asubuhi asirudi. Deni la simu la marehemu ni deni kama madeni mengine: rasilimali ya mkopo hulipwa kutoka katika mali yake kabla warithi hawajagawana, lakini warithi watalijuaje ikiwa liko ndani ya laini iliyozama naye? Aya ya 282 ya sura ile ile, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, inahusu kuandika deni. Mke ajue mumewe anadaiwa wapi, mume ajue ya mkewe, karatasi ibaki nyumbani kisiwani. Wallahu a'lam.