HABARI ZA SHULE ZISIISHIE MFUKONI MWA MTOTO

Maneno ya Mhariri

Ndugu Wanachama,

Kwa desturi ukurasa huu husema juu ya mishahara na saa za kazi. Leo tutasema juu ya shule za msingi za watoto wetu. Mshahara tunaoudai mkutanoni sehemu yake kubwa huenda huko, na mara nyingi mwenye kuutoa hajui anaulipia nini.

Jambo lililotuamsha ni hili. Mwanachama mmoja, ambaye kazi humweka mbali na nyumba siku nyingi, alirudi akamkuta binti yake wa gredi ya tano amekaa mlangoni siku ya shule. Alipouliza akaambiwa mtoto alirudishwa kwa sababu ya pesa za mtihani na za mlinzi, na hiyo ilikuwa wiki ya tatu. Barua ilikuwa imeandikwa na shule. Ilikaa mfukoni mwa sweta, maana mtoto aliogopa kumpa mama yake, naye alijua mama hana kitu. Deni lote lilikuwa shilingi 850. Na katika landhi ile ile walikaa wanachama wengine wa chama hiki, ambao hawakujua habari hata kidogo.

Hatutaji shule wala mtu. Lakini kila mmoja wetu ajiulize: je, ni watoto wangapi katika landhi yetu wamekaa nyumbani leo?

Sasa sikilizeni sheria inavyosema, kwa maana wengi wetu hatukuisoma. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, yasema kila mtoto ana haki ya kupata elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, sehemu ya 29, yakataza shule ya serikali kutoza ada ya masomo. Malipo mengine yaweza kuwekwa kwa kibali cha Waziri, akishauriana na bodi ya elimu ya kaunti, lakini mtoto asikatazwe kuhudhuria shule kwa kuwa hayakulipwa. Tena mtu yeyote asikusanye pesa hizo bila kutoa risiti rasmi. Basi yule binti alikuwa na haki ya kukaa darasani siku zote zile. Baba yake angejua mapema, angemwendea mwalimu mkuu kwa heshima na kumwonyesha maneno hayo.

Lakini sheria hiyo hukata pande zote mbili. Mzazi asiyempeleka mtoto shuleni bila sababu ya haki naye ana kosa. Asiseme mtu kwamba shule ni kazi ya mama watoto peke yake.

Yafaa tukumbuke pia kwamba jambo hili si geni. Mwaka 1974 ada iliondolewa tangu darasa la kwanza hata la nne. Watoto wakaja kwa wingi, vyumba vikawa haba, ndipo yakaja malipo ya ujenzi. Mahali pengi malipo hayo yakapita ada ya zamani, na watoto wengi wakarudi nyumbani. Ada ilikuwa imebadili kanzu tu. Januari 2003 ada iliondolewa tena katika shule za msingi, na serikali ikapanga kutoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Baadaye ikawa shilingi 1,420. Gawanyeni hesabu hiyo kwa miezi kumi na miwili, mtaona haifiki shilingi 120 kwa mwezi. Kwa pesa hizo watakiwa vitabu, chaki, maji, na matengenezo. Tena tangu 2023 sekondari msingi imewekwa katika uwanja ule ule wa shule ya msingi, na vyumba vimezidi kubanwa.

Kwa hiyo tusimfanye mwalimu mkuu kuwa adui. Mara nyingi naye ameshikwa, kama stesheni masta aliyeletewa mabehewa mengi na njia ni moja. Anayepaswa kuulizwa juu ya mgao mdogo na unaochelewa ni serikali, na kuuliza huko ni kazi ya vyama kama hiki. Lakini mwalimu mkuu akiona shida haimpi ruhusa kumfukuza mtoto. Shida ya watu wazima isibebwe na mtoto wa miaka kumi.

Basi tufanye nini? Kamiti ya tawi imefikiri, nami naweka mbele yenu mambo manne, mje nayo katika mkutano mkuu.

1. Kila shule yenye watoto wetu iwe na mwanachama mmoja, au mke wa mwanachama, aliye mjumbe. Kazi yake ni kuleta habari: siku ya mkutano wa wazazi, siku ya kufunga, malipo yaliyotajwa na kibali chake. Habari hizo zibandikwe ubaoni karibu na orodha ya zamu, ili aliye safarini azione akirudi.

2. Tuingie katika halmashauri za shule. Sheria ya 2013 yatoa nafasi sita katika bodi ya shule kwa watu waliochaguliwa na wazazi, na kila shule ya serikali ina umoja wa wazazi. Sisi tunalalamika langoni, wengine wanaamua ndani. Ninyi mnaojua kusimama mbele ya mwajiri mtashindwaje kusimama hapo?

3. Tuanzishe mfuko wa watoto. Mwanachama akitoa shilingi 50 kwa mwezi, tawi la watu 60 litapata shilingi 3,000. Si pesa za kujenga shule. Ni za yunifomu, daftari, na chakula cha mchana kwa mtoto ambaye mzazi wake ni mgonjwa, au amefiwa, au amesimamishwa kazi. Hesabu yake isomwe wazi kila mkutano. Afadhali hivyo kuliko mtu kukimbilia mikopo ya simu, ambayo huanza na shilingi 850 na kumwamsha usiku kwa riba.

4. Katibu wa tawi amwombe mwajiri kwamba uhamisho wa wafanya kazi wenye watoto shuleni ufanywe wakati wa likizo za shule, ila kukiwa na haja ya haraka. Mtoto anayehamishwa katikati ya muhula huacha vitabu vyake stesheni moja na rafiki zake nyingine, na mzazi hununua yunifomu mara mbili.

Juu ya chakula nitasema neno moja zaidi. Mwaka 2023 Kaunti ya Nairobi ilianzisha mpango wa kupikia watoto wa shule za msingi za serikali, na mtoto akalipa shilingi 5 kwa sahani. Sehemu nyingine za gharama hulipwa na wengine. Hili laonyesha kwamba mzigo ukigawanywa hupungua. Mahali pasipo na mpango kama huo, wazazi wa landhi moja waweza kuanza na sufuria moja.

Ndugu zangu, baba zetu walidai landhi zenye paa na maji kwa sababu walikuwa na watoto. Sisi nasi tutaulizwa na watoto wetu. Fungueni mifuko ya sweta zao jioni hii, msome barua. Na mkutano utakapoitwa, njoni nyote, na wake zenu pia.

Umoja ni nguvu.

Mimi ndugu yenu katika kazi,
MHARIRI