Kamera, Chemba na Chumba: Haja ya Etimolojia katika Kamusi

Neno kamera halijawashughulisha sana wanaleksikografia wa Kiswahili. Aghalabu huhesabiwa kuwa neno jepesi: ni mkopo kutoka Kiingereza, limo katika ngeli ya I-/ZI-, na maana yake ni chombo cha kupigia picha. Ufafanuzi huo si wa uongo, ila humwacha mfasiri njiani.

Anayeachwa zaidi ni mfasiri wa sheria. Tangu Tanzania ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama mwaka 2021, istilahi nyingi za Kilatini zinahitaji visawe vya kuaminika. Mojawapo ni in camera, yaani kusikiliza shauri bila ya umma kuwapo, kama inavyotokea pale mtoto anapotoa ushahidi. Mfasiri atakayeandika kuwa shauri lilisikilizwa “mbele ya kamera” atakuwa ameufungua mlango ambao hakimu aliufunga. Kisawe faraghani kipo na kinatosha; kinachokosekana ni kamusi ya kumtahadharisha mfasiri huyo.

Kosa hilo lina asili yake. Katika Kilatini, camera ni chumba, hasa chenye dari ya kuba, na Kilatini nacho kililitoa neno hilo katika Kigiriki. Mwanzoni mwa karne ya 17 Johannes Kepler alitumia istilahi camera obscura, “chumba chenye giza”, ambamo mwanga hupita katika tundu dogo na kuchora ukutani sura ya vitu vya nje, miguu juu kichwa chini. Baadaye chumba kikawa sanduku, na sanduku likabaki na jina la chumba. Kwa kuwa Ibn al-Haytham wa Basra aliichunguza hali hiyo katika karne ya 11, wapo wanaodai kwamba neno lenyewe ni la Kiarabu. Dai hilo halisimami, kwani Kilatini kilikuwa nalo karne nyingi kabla yake. Kiarabu kina haki nyingi katika msamiati wa Kiswahili; hii si mojawapo.

La kuvutia zaidi ni kwamba Kiswahili kimelikopa neno hilo mara mbili. Chemba, lililotokana na Kiingereza ambacho kililipata kupitia Kifaransa, ni ndugu wa kamera. Mafundi wa maji taka wanalo, na anayetaka kumnong’oneza mwenzake humvuta chemba. Siri ya chumba imebaki humo. Kamera imekwenda upande wa pili: kusema jambo mbele ya kamera ni kulisema hadharani, na kamera za barabarani zimewekwa ili pasiwe na la kufichika. Chumba, kwa upande wake, hakimo kabisa katika ukoo huu, ingawa sauti zake humshawishi mwanafunzi kukihusisha na chemba. Ni neno la Kibantu, lenye mzizi mmoja na nyumba.

Kwa hiyo kidahizo kamera kinastahili mistari miwili zaidi: mmoja wa asili yake, pamoja na rejeo la chemba, na mwingine wa maana ya “hadharani” ambayo watumiaji wamekwisha kuipa. Hapo ndipo pia pa kuandika kwamba in camera ya mahakamani hutafsiriwa faraghani.