Usiku wachungaji walipomulikwa na polisi

JICHO LA JUMAPILI
Na Salma Mwinyihija

Picha moja ilitosha kummaliza mtu. Katika Marekani ya miaka ya 1960, mwalimu au mtumishi wa serikali aliyejulikana kuwa anapenda watu wa jinsia yake aliweza kufukuzwa kazi na kukosa pa kuishi. Polisi wa San Francisco walilijua hilo. Usiku wa Januari 1, 1965, walipokwenda kwenye ukumbi wa California Hall, walianza na kamera.

Ukumbini kulikuwa na dansi ya kuchangia baraza lililoundwa mwaka 1964 na wachungaji, akiwamo Ted McIlvenna wa Kanisa la Methodisti, pamoja na wanaharakati wa wapenzi wa jinsia moja kama Del Martin na Phyllis Lyon. Wachungaji walikuwa wamekwenda mapema kuzungumza na polisi, na waliondoka wakiamini kwamba dansi haitaingiliwa.

Saa ilipofika, mlango ukamulikwa kwa taa kali na kila aliyeingia akapigwa picha. Baadhi waligeuza njia. Mamia wakaingia hivyo hivyo, wakijua gharama yake. Hakuna jiwe lililorushwa, lakini hatua zile chache za kutoka barabarani hadi mlangoni mimi nazihesabu kuwa upinzani.

Kisha polisi wakataka kuingia kwa madai ya ukaguzi, tena na tena. Mawakili Evander Smith na Herb Donaldson wakawazuia: shughuli hii ni ya faragha, kama mnaingia tuonyesheni kibali cha mahakama. Wakakamatwa. Wakili wa tatu, Elliott Leighton, naye akakamatwa, pamoja na Nancy May, mama aliyekuwa mlangoni akipokea tiketi.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kwa miaka mingi watu walinaswa kwenye baa na bustani za mji ule, na wengi hawakuthubutu kulalamika, maana kulalamika kwenyewe kulikuwa kujianika. Sasa wachungaji walikuwa wameonja walichoonjeshwa wenzao. Siku ya pili waliwaita waandishi wa habari, wakakaa mbele yao na kola zao za uchungaji shingoni, wakasimulia walichokiona. Kesi ilipofika mahakamani, hakimu hakungoja hata utetezi usikilizwe. Aliwaelekeza wazee wa baraza la mahakama wawaachie huru washtakiwa.

Historia ya upinzani huu dhidi ya polisi wengi huianzia kwenye baa ya Stonewall, New York, Juni 1969. Kabla ya hapo, Agosti 1966, wanawake waliobadili jinsia, waliochoka kukamatwa kila mara, walipambana na polisi katika mkahawa wa Compton's, hukohuko San Francisco. Hao hawakuwa na wakili mlangoni wala kola shingoni. Walikuwa na vikombe na viti, na walivitumia.

Najua wasomaji wangu wengi wanaamini kwamba mapenzi ya jinsia moja ni dhambi. Leo siwaombi wabadili imani yao. Nawaomba walipime swali la wale mawakili: kibali kiko wapi? Swali hilo linamlinda kila mwenye mlango. Askari akizoea kulipuuza kwa mtu tusiyempenda, atakuwa ameshahitimu, na siku akija kwetu hatapiga hodi.

Mwaka 1983 Herb Donaldson aliteuliwa kuwa hakimu katika mji uleule alimokamatwa. Nafurahi alipata heshima hiyo, lakini moyo wangu uko zaidi kwa wale wachungaji. Wangeweza kurudi nyumbani kimya. Hakuna kamera iliyowatishia kazi yao kama ilivyowatishia wengine. Wewe shehe, padri, mwalimu au mzee wa mtaa, neno lako husadikiwa pale ambapo la mnyonge hupuuzwa. Ukiona anaonewa, usingoje mpaka umpende ndipo useme. Sema ulichokiona.