Seva ya Umma si Shamba la Bibi

Kuna namba tatu zinazoandikwa kila siku katika ofisi zetu, na kila ziandikwapo, mtu fulani ambaye huenda hajawahi kugusa kompyuta huwekwa hatarini. Namba zenyewe ni saba, saba na saba. Sizungumzii Sabasaba ya Julai. Nazungumzia ruhusa za mafaili kwenye seva za tovuti, jambo ambalo wakuu wetu huliita "mambo ya vijana wa IT" na kulisukuma pembeni. Mimi nadai kwamba hili ni suala la siasa kwa maana ya msingi kabisa ya neno hilo: nani aruhusiwe kufanya nini juu ya mali ya nani.

Mwaka jana nilipigiwa simu na viongozi wa kikundi kimoja cha hapa Ilemela, cha akina mama wanaoanika na kuuza dagaa. Walikuwa na tovuti waliyoiendesha wenyewe kwenye seva ya kukodi. Wanachama walijiandikisha humo kwa majina, namba za simu na namba za kitambulisho cha taifa. Siku hiyo ukurasa wa mbele ulikuwa umejaa matangazo ya kamari kwa lugha ambayo hakuna aliyeifahamu. Nilipoingia ndani nilikuta kila folda na kila faili lina ruhusa ya 777. Hata faili la mipangilio, lenye nywila ya kanzidata, halikusazwa.

Wiki hizo hizo baadhi yao walianza kupokea ule ujumbe tunaoujua sote: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Safari hii ulikuja na majina yao kamili. Siwezi kuapa kwamba majina hayo yalitoka kwenye tovuti. Wala hakuna awezaye kuapa kwamba hayakutoka, kwa maana mahali ambapo kila mtu ameruhusiwa, hakuna anayeweza kutambuliwa kuwa mvamizi.

Nilimtafuta kijana aliyeiweka tovuti ile. Alikuwa mwanafunzi wangu. Aliniamkia, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa adabu: "Mwalimu, si ndivyo tulivyofanya maabara?" Alisema kweli. Siku moja, kipindi kikikaribia kwisha na picha zikikataa kupanda, niliandika ubaoni amri ya chmod -R 777 ili kazi iende, nikaahidi kueleza wiki inayofuata. Wiki hiyo haikufika. Kwa hiyo makala haya ni mashtaka dhidi yangu kabla ya kuwa mashtaka dhidi ya mwingine yeyote.

Basi nitimize ahadi. Mfumo wa Unix, ulioanzia katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969, ulikusudiwa kompyuta moja itumiwe na watu wengi bila kuharibiana. Kila faili likawekewa ngazi tatu za watu: mmiliki, kikundi chake, na wengine wote. Kila ngazi ikapewa vitenzi vitatu vyenye thamani yake: kusoma ni 4, kuandika ni 2, kutekeleza ni 1. Unajumlisha tu. Ruhusa ya 644 maana yake mmiliki anasoma na kuandika, na waliobaki wanasoma tu. Ruhusa ya 755, inayofaa folda, inamwezesha mmiliki kufanya yote, na wengine kuingia na kutazama bila kuongeza wala kufuta kitu. Ruhusa ya 777 inasema: kila mtu afanye atakalo.

"Wengine" hapa si kila mtu aliye kwenye intaneti. Ni kila akaunti na kila programu iliyomo ndani ya seva ile. Lakini usifarijike upesi. Programu-jalizi moja yenye kasoro, au tovuti ya jirani mnayeshirikiana seva, yatosha kumpa mvamizi mguu wa kwanza ndani. Ruhusa zikiwa zimepangwa vema, mguu huo unaishia sebuleni. Zikiwa 777, nyumba nzima ni yake.

Na tiba ya kweli haikuwa ngumu. Picha zilikataa kupanda kwa sababu mafaili yalikuwa ya mtumiaji mmoja, na programu ya seva ilikuwa ikifanya kazi kwa jina la mwingine. Katika seva nyingi za Linux huitwa www-data. Kilichohitajika ni kurekebisha umiliki kwa amri ya chown: mafaili ya programu yabaki ya msimamizi, folda ya picha peke yake ifunguliwe kwa kikundi cha seva, na humo izuiwe kuendeshwa programu yoyote. Faili la mipangilio lipewe 640 au pungufu ya hapo. Mwongozo wa WordPress, programu inayoendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti za dunia, unasema wazi kwamba folda yoyote isipewe 777, hata ile ya kupakia picha. Msingi wake ni wa zamani: tangu mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kwamba kila programu na kila mtumiaji apewe ruhusa zile tu ambazo kazi yake inazihitaji.

Akina mama wale hawakuhitaji kumsoma Saltzer. Nenda Kirumba Mwaloni alfajiri. Mtu yeyote anaruhusiwa kutazama dagaa na kuuliza bei. Kushika mzani ni kazi ya wachache. Ufunguo wa ghala unao mtu mmoja, na jina lake linajulikana. Soko liko wazi kwa umma, lakini ghala lina mwenyewe. Ni sisi wasomi tuliowaambia kwamba kwenye kompyuta mambo ni tofauti.

Nazijua hoja za upande wa pili. Ya kwanza: "Nani atahangaika na sisi wa Ilemela?" Programu zinazotafuta seva dhaifu hupita kwenye anwani zote za mtandao bila kuuliza wilaya. Wakubwa pia hawakusalimika: mwezi Januari 2012 tovuti 103 za Serikali ya Kenya zilichafuliwa kwa mkupuo. Ya pili: "Hatuna wataalamu." Aliyeweza kuandika 777 angeweza kuandika 755, urefu ni ule ule. Tulichokosa ni mtu wa kumuuliza kwa nini.

Hapo ndipo siasa inapoingia. Nchi yetu haijawahi kuwa na uvivu wa kudhibiti ruhusa. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu ya kawaida alipie leseni. Kwa mwaka wa kwanza gharama zilifika takribani shilingi milioni 2.1. Kanuni hizo zilirekebishwa baadaye, ila funzo limebaki: tulijua vizuri sana kuuliza nani anaruhusiwa kusema, na hatukuuliza nani anaruhusiwa kuandika juu ya faili lenye namba za simu za wananchi. Sasa tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Lakini sheria haiingii kwenye seva kurekebisha ruhusa. Hilo linafanywa na mtu mwenye jina na wajibu.

Kwa hiyo ninadai mambo matatu. Walimu wenzangu, tuache kumpa alama za kufaulu mwanafunzi ambaye kazi yake inaendeshwa kwa 777, hata ikipendeza machoni. Watumishi wa umma, msipokee tovuti kutoka kwa mkandarasi kabla hajawakabidhi orodha ya nani anamiliki folda ipi na kwa nini. Mali bila daftari huisha bila habari. Wanaharakati, kabla ya kumnyooshea kidole mwingine, kagueni seva zenu wenyewe. Amri ni hii:

find /var/www -not -type l -perm -0002

Itawaonyesha kila faili na folda ambayo mtu yeyote ndani ya seva anaweza kuibadilisha. Orodha hiyo inatakiwa iwe tupu.

Katiba yetu, Ibara ya 27, inamtwika kila mtu wajibu wa kulinda mali ya umma. Hatukuizoea ibara hiyo. Tulichozoea ni shamba la bibi, ambalo kila apitaye huchuma na hakuna alindaye. Tumelihamishia shamba hilo kwenye kompyuta na kuliita maendeleo.

Mimi nimeanza na deni langu. Tovuti ya akina mama wale tuliijenga upya na kijana yule, jioni tatu mfululizo. Nywila zote zilibadilishwa, na namba za vitambulisho tuliziondoa kabisa, kwa kuwa kikundi hakikuwa na sababu ya kuzitunza. Namba zilizokwisha kuvuja, hata hivyo, hakuna amri ya kuzirudisha.